Hesabu ya Maneno

Nilikuwa karani wa telegramu, Posta ya Tanga,
dirisha la tatu, chini ya feni iliyolia kama paka.
Watu walilipia neno, si sentensi.
Mtu alikuja na msiba wa ukurasa mzima
nikamsaidia kuukata kwa kalamu nyekundu
mpaka ukabaki BABA AMEFARIKI NJOO,
na chenji ya nauli ya kurudi Pongwe.
Mmoja alitaka kuongeza "mpendwa".
Nikamwonyesha bei.
Akalifuta mwenyewe, taratibu, kwa kidole kilicholowa mate.

Sasa nina simu ya kupangusa.
Kaninunulia mwanangu, Shekue, kabla hajaenda Geita mgodini,
na Shekue haandiki. Anatuma vikatuni.

Siku ya kwanza: fuvu, fuvu, fuvu.
Nilishika ukuta. Buibui nimeshavaa, kiatu kimoja mguuni,
ndipo Mwantumu wa mlango wa pili akanipokonya simu:
"Bi Semeni, anacheka huyo! Amekufa kwa kucheka.
Si ulimsimulia mbuzi aliyekula risiti za luku?"

Nikavua kiatu, nikatafuta daftari.

Macho mawili, peke yake: napita tu, lakini nimeona.
Macho na kikombe: hebu sengenya, nimeshakaa.
Kofia: mwongo wewe.
Nyoka na kopa: shoga wa mdomoni.
Mtu akimbiaye na vumbi nyuma yake: swali hilo silijibu.
(Nilimuuliza ataoa lini. Alikimbia mara nne.)
Viganja vilivyokutana: Mwantumu anasema asante,
jirani yangu wa msikitini anasema dua,
fundi baiskeli wa barabara ya nane akinitumia mimi
maana yake nikopeshe elfu tano.
Na ule uso wa tabasamu, mpole, usio na makuu,
Mwantumu anaapa ndio wenye hasira kuliko zote.
Miezi minane nimeutuma kila alfajiri!
Kumbe ndiyo maana alikuwa akiniuliza,
mama, kwani nimekukosea nini?

Juzi, saa kumi usiku, simu ikatetemeka mtoni mwa kitanda.
Mlima. Tone la maji. Mlango.
Uso usio na mdomo.
Nikapekua daftari, hakuna.
Nikamgongea Mwantumu, akasoma kwa jicho moja la usingizi.
"Hii haipo, Bi. Kaitunga mwenyewe."

Nikarudi chumbani, sikuwasha taa.
Miaka ishirini na sita nimekata maneno ya watu,
najua kalamu inakopita:
hukata palepale panapouma, pengine hubaki.
Kilichokuwa mdomoni mwa uso ule
kilikuwa na bei, na mwanangu ameogopa kuilipa.

Nikapiga. Akapokea.
Ngurumo ya jenereta, na pumzi.
Sikumuuliza mlima gani, wala mlango umefungwa kwa nani.
Nikamwambia mbuzi amezaa. Pacha.
Mmoja mweusi, wa pili kama hajaamua.
Akasema, "Haya, mama," akakata.

Ndipo nikaandika, herufi kubwa, kama pale dirishani:
MPENDWA NJOO.
Nikaliangalia lile neno la kwanza.
Nikaliandika tena. Na tena.
Hakuna aliyehesabu.

Kulipopambazuka akajibu: begi, kopa,
na yule mtu wake wa kukimbia.

Nimemtazama sana mtu huyo. Anaelekea kushoto,
sikuzote kushoto,
na kwenye ramani iliyokuwa ukutani kwetu posta
Geita iko kushoto, Tanga kulia, baharini.
Basi nimeigeuza simu juu chini, nimeiegemeza kwenye birika.
Miguu yake iko hewani, kichwa kinaburura chini,
lakini anakuja huku.