Taa Moja, Vinywa Viwili

Kifurushi kilikuja na basi hadi Mokowe,
kikavuka pamoja na magunia ya vitunguu,
kikafika kwetu Langoni kimebonyea pembe moja.
Ndani: mabomba manne ya dawa, yasiyo na sindano,
kibao cha kupimia rangi, kutoka maziwa hadi ufuta,
vidude viwili vya mpira vya kuuma,
na taa. Taa moja tu, ya buluu,
ndogo kama kifuniko cha chupa ya marashi.

Lali alisema ni kwa ajili ya arusi ya Mwanaheri.
Picha, akasema. Wapigaji wanatoka Mombasa.
Sikubisha. Miaka thelathini ya tambuu
imempaka kinywani rangi ya ukingo wa kisima,
nami kahawa yangu tungu ya alfajiri
haikupita bila kuacha jina.

Tukagawana. Taa akaichukua yeye,
maana ndiye aliyelipa.
Mimi nikapaka dawa tupu, nikakaa nayo gizani
dakika ishirini kwa saa ya ukutani,
mate yamenijaa, siwezi hata kumkemea paka.
Yeye kitini, kinywa kinawaka
kama simu iliyosahauliwa mfukoni.

Usiku wa tatu umeme ukakatika mtaa mzima.
Mavyaa akachungulia mlangoni, akaona buluu
inapumua katikati ya chumba,
akaanza Ayatul Kursi kwa sauti.
Lali alitaka kusema, "Ni mimi, mama."
Ikatoka, "Hi hihi, haha."
Akazidi kusoma mbio.

Usiku wa sita maji ya kusukutua yalinichoma
hadi sikioni. Lali akanywa chai vuguvugu
kama mzazi wa jana.
Karatasi ya maelezo iliyaita haya "hisia ndogo".
Aliyeiandika hakuwa na meno.

Kasha liliahidi daraja saba kwa siku saba,
na picha ya mwanamke ambaye meno yake
hayajapata kukutana na achari.
Chema chajiuza; hiki kilipiga kelele kwa lugha tano.

Usiku wa kumi na nne tukasimama kioo kimoja,
kibao cha rangi baina yetu.
Haki isemwe: yamepungua.
Maziwa, la. Daraja mbili, labda mbili na nusu
ukikodoa macho na kumpenda unayemtazama.
Ila yake yenye taa, yangu yasiyo taa,
sawa. Nikaweka kibao hapa, nikaweka pale,
nikamgeuza kwenye mwanga kama mnunuzi wa hariri.
Sawa.
Kazi yote ni ya dawa. Taa ni mgeni wa heshima:
amekaa mbele, hakubeba hata kiti.

Kisha akanyamaza.
Akanitazama juu, upande wa kushoto.

Jino lile nilitengenezewa mwaka wa kabla ya posa,
baada ya ngazi za nyumba ya shangazi.
Lilifananishwa na wenziwe, likanywa kahawa nao
miaka ishirini na sita, jirani mwema.
Sasa wenziwe wamehama, lenyewe limebaki
na rangi ya zamani. Dawa haisemi na bandia.
Jino la pembe si dawa ya pengo, husemwa;
langu halikuwa hata la pembe,
na pengo nililificha kwa mume.

"Lali," nikasema, "mimi nili—"
"Najua. Karanga watafunia kulia.
Muwa wangoja ukatiwe."
"Tangu lini?"
"Fungate. Uliuma halua, ukatulia ghafla,
ukauliza habari za mvua."

Arusini nilicheka wazi.
Kwenye picha linaonekana, ukionyeshwa.
Taa anayo mavyaa. Umeme ukikatika
huitafutia viatu vyake chini ya kitanda,
na akiulizwa kama kweli inafanya kazi,
hujibu, inafanya.