Kutazama Baada

Wiki ya kwanza Grimsby meneja alinipa aproni,
ufunguo wa mlango wa nyuma,
na kazi ambayo kwa lugha yao huitwa kutazama baada.
Baada ya nini, hakusema.
Usiku nikafungua kamusi: kumbe ni kutunza.

Kwetu Panevėžys kitenzi huvaa mwelekeo kichwani
kama kofia, kabla hakijatoka nyumbani.
Hapa kinatoka kichwa wazi
na kijineno kinakikimbilia kwa nyuma,
juu, chini, nje, mbali;
kikikifikia tu, safari imebadilika.

Bwana Leggott wa chumba cha tisa alinicheka hadi akakohoa.
Miaka thelathini na minne alikaa kibandani Barnetby
akivuta nyenzo, akiinua na kushusha mikono ya ishara za reli.
"Daiva," alisema, "kitenzi ni treni tu.
Treni haijui iendako. Wewe tazama reli inapogawanyika."
Akachukua toa, neno la ukarimu,
akaliunga na juu: umekata tamaa.
Na ndani: umesalimu amri.
Na mbali: umeropoka siri.
"Na mtu akitoa tu?"
"Ah. Huyo hajafika popote bado."

Nilikosea sana.
Lifti ilivunjika chini nayo imekwama ghorofa ya tatu,
nikabishana na fundi karibu nusu saa.
Mwanawe, Graham, aliahidi kwamba Jumapili atageuka juu;
nilipoambiwa, nisamehe, nilitazama dari.
Jumapili ile mzee alivaa tai.
Saa nane. Saa tisa. Chai ikaota utando.
Hapo sikuhitaji kamusi
kujua maana ya kumwacha mtu chini
hali ameketi kitini, hajasogea.

Februari, kabla ya zamu, simu. Muuguzi wa usiku,
sauti ya mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto:
Bwana Leggott amepita mbali.
Nikauliza, amepita upande gani?
Na koti, amevaa koti? Nje kuna barafu.
Kimya. Kisha akaanza upya, polepole,
kwa kitenzi kimoja kisicho na mkia.

Kwetu mtu huzimika. Palepale alipo,
kama mshumaa; hakuna anayemtafuta barabarani.

Wakanipa chumba nikisafishe nje.
Miwani. Meno ya bandia kwenye glasi.
Soksi zilizokunjwa na mtu asiyeona vizuri, kila moja na mgeni wake.
Na chini ya mto, daftari, herufi kubwa za kutetemeka,
somo langu la wiki ijayo:
KUJA, kisha mstari mtupu.
Reli hakuichagua.

Saa kumi na moja giza lilikuwa limeshaingia.
Treni ya Doncaster ikatoka mjini,
ikapita, ikawa mbali.
Nilisimama dirishani na mto wake kifuani
nikiifuata kwa macho ile taa nyekundu ya nyuma.
Meneja akaniita. Akaniita tena.
Nikakaa pale kidogo zaidi,
nikifanya kazi niliyoajiriwa.