Arobaini na Nne

Bwire kaniletea furu kumi na wawili ndani ya ndoo ya rangi,
saba wazima, watano wanaotwetea juu ya maji.
"Hawa si wa kula," alisema, "ni chambo tu."
Nikamlipa bei ya sato. Alicheka mpaka getini.

Nawadunga kolchisini chini ya pezi,
nawaacha saa nne kwenye beseni, Nyegezi ikisinzia kwa joto.
Dawa hii haina haraka ya kuua. Inakata kamba.
Ndani ya kila seli iliyokuwa ikijigawa
nyuzi za kuvuta huku na kule zinalegea,
na kromosomu zinabaki katikati, zimejikaza, zimenenepa,
kama watu waliojaa ukumbini halafu mgeni rasmi asije.

Figo naisaga. Seli nazivimbisha kwa maji ya chumvi haba.
Nadondosha tone juu ya slaidi kutoka usawa wa kidevu.
Bi Nyanzobe, aliyenifundisha, alipanda juu ya stuli:
"Tone lisipoanguka likaumia, kiini hakipasuki."
Akavunja slaidi nyingi sana, na hakuomba radhi hata siku moja.

Rangi ya Gimsa, dakika kumi.
Umeme unakatika kwenye ya saba.
Nageuzia kioo cha darubini dirishani, ziwani,
na mwanga wa Nyanza unapanda, unapita ndani ya furu
aliyekuwa akiogelea humo asubuhi.

Hapo sasa.
Zimetapakaa, zambarau,
kama dagaa walioanikwa juu ya mawe ya Igombe,
kila moja Kulwa na Doto walioshikana kiunoni,
wanangoja kamba niliyoikata mimi.

Nahesabu kwa ncha ya kalamu. Napotea. Naanza upya.

Mweusi wa majabalini: arobaini na nne.
Mwenye mkia mwekundu, mtafuna konokono: arobaini na nne.
Yule wa matopeni, ambaye hata Bwire hana jina lake:
arobaini na nne, mara tatu nimerudia.

Nilitaka namba inichoree mipaka,
huyu ukoo huu, yule ukoo ule.
Namba imeninyima.
Rangi zote zile, mataya yote yale,
zimefungwa katika mizigo idadi ile ile,
na kilichowatenga kimejikunja ndani
ambako lenzi yangu haibishi hodi.
Wengine wa kulinganisha nao
sangara aliwameza kabla sijazaliwa.

Daftarini naandika: 44. Tazama tena.

Kidole nilichojikata jana kwa wembe kinawasha.
Huko kamba zi nzima.
Huko Kulwa anavutwa upande huu, Doto upande ule,
hawaagani, na ngozi inajifunga bila kuniuliza.

Furu mmoja sikumdunga.
Nilishuka naye jioni ndani ya ndoo ile ile ya rangi.
Bwire aliniona nikimwaga.
Kesho yake akapandisha bei.