Kinga ya Moto

Jumamosi, Khaemba akishafunga duka la mbolea,
tunasukuma magunia ukutani
na kuutandaza ulimwengu juu ya mizani mbovu.
Watu wetu ni karatasi. Hapa Webuye
karatasi haitutishi: baba zetu waliipika
mpaka kiwanda kikanyamaza,
na ile harufu tuliyoilaani utotoni
sasa tunaitamani kama mchuzi.

Sitati ndiye msimulizi. Mchana hupima damu zahanati,
usiku hupima roho zetu kwa dadu la pande ishirini
lililomeguka ncha, linalopenda saba.
"Daraja linawaka," asema. "Nyuma yenu, jeshi la mifupa.
Chini, mto usio na samaki ila meno."

Mimi, Nanjala, mwalimu wa darasa la sita,
humo naitwa Mke wa Majivu.
Moto haunili. Nilitunukiwa hivyo
baada ya miezi mitano ya kurusha vibaya.
Na kanuni, niliyoiandika kwa wino mwekundu, yasema:
waweza kumgawia kinga unayemshika mkono,
ila kila mkono utakaoushika
utakupunguzia robo ya ngozi yako.

Robo ya kwanza, Khaemba, shoka begani.
Robo ya pili, Mukhwana, mwizi wa makufuli,
anayetafuna njugu kana kwamba hakuna kinachowaka.
Nikabakiwa na nusu. Nusu inatosha kuvuka;
nilishapiga hesabu.

Kisha macho yakaangukia karatasi ya nne
chini ya jiwe la kilo moja.
Makokha yuko Doha, analinda mlango wa jengo
ambalo lifti yake hajawahi kuipanda.
Tabibu wake bado hutufuata nyuma, kimya.
Hatumuui. Hatumlishi.
"Asiyekuwapo na lake halipo," akasema Mukhwana.
Sitati alizungusha tu dadu kiganjani
kama mtu anayesubiri chenji.

Methali naijua; niliiandika ubaoni Jumatano.
Lakini karatasi ile ina mwandiko wake,
herufi "g" yenye mkia wa ng'ombe,
na pembeni doa la chai aliyoimwaga siku ya kuaga.
Haina mkono. Nikaweka kidole juu ya doa.

"Unamshika?"
"Namshika."
"Robo."

Dadu likaruka, likagonga ndoo ya mbegu,
likaingia chini ya magunia.
Tukalifuata kwa tochi ya simu, magoti vumbini.
Tatu.

Walivuka. Tabibu alitangulia, hakugeuka.
Nami nikafuta uhai wangu: kumi na nane, kumi na moja, nne,
raba ikila namba, ikila mistari,
mpaka karatasi ikatoboka
na tunduni nikaona chuma cha mizani.

Khaemba akalipiga picha lile tundu,
akamtumia Makokha. Kule saa ni ileile.
Alama mbili za buluu.
Kimya kirefu; pengine kuna gari la kufunguliwa geti.
Kisha:
"Tabibu ana dawa ya kuungua.
Mbona hamjauliza?"