Kifuu na Kigogo

Limbani, hapa Wete, baada ya Isha
kuna mioshi miwili inayoshitakiana.

Wa kulia ni wa Shaame Rubea, mtu wa Mtambwe,
achomaye kwa mkarafuu mkavu, uliokufa wenyewe,
na atakuapia hivyo kabla hujamuuliza.
Wa kushoto ni wa Vuai Mcha.
Miaka ishirini na mbili kaoa hapa, kajenga hapa,
na bado anaitwa Mmakunduchi.
Yeye ni vifuu vya nazi tu.
"Kuni ni za masufuria ya harusi," husema,
na wateja hucheka huku wakipuliza vidole.

Mimi nimekaa katikati, na bakuli langu la pilipili ya ukwaju.

Mwalimu Faki hali kwa Vuai hata alale na njaa.
Mkewe hali kwa Shaame.
Huja pamoja, huachana kwenye mtaro,
hukutana tena mezani kwangu
kila mmoja na mishikaki yake mitano,
wala hawaonjeshani.

Shaame aliandika kwa chaki, juu ya mlango mbovu:

*Nyama yataka hariri, si gunia la makumbi,*
*Moshi wangu una siri, hauna jivu na vumbi,*
*Njoo ule kwa fahari, kulamba kifuu dhambi,*
*Vuai, funga safari, kifuu ufanye kata.*

Kesho yake, ubavuni mwa friji bovu la Vuai:

*Karafuu ni ya jino, si moto wa mishikaki,*
*Mnofu wako mnono, wanuka kama mswaki,*
*Kifuu hakina neno, chawaka bila hamaki,*
*Shaame, acha maneno, njoo nikupe kwa kata.*

Watu walitoka hadi Gando kuja kusoma.
Wakisoma, wanasikia njaa.

Sasa niseme wasilotaka niseme.
Nyama ni moja.
Naikata mimi, adhuhuri, uani kwangu,
naitia papai bichi, thomu, tangawizi na ndimu
ndani ya beseni moja.
Alasiri naigawa: ndoo ya buluu ya Shaame,
ndoo ya manjano ya Vuai.
Ukiondoa moto, yakhe, hakuna ugomvi.

Lakini moto hauondoleki.
Kifuu kinakupiga papo hapo,
mafuta yanalia, pembe za nyama zinaungua
kama tui lililosahauliwa jikoni.
Mkarafuu unachelewa. Umeshameza, unanyanyuka kwenda zako,
ndipo unapokujia puani,
nguo ya Idi inatolewa kwenye kasha.
Nimefumba macho mara nyingi. Sijakosea hata siku moja.

Mwaka juzi, mwezi wa masika, kigogo cha Shaame kikaisha.
Mti wenyewe aliupanda mamake. Ulikauka umesimama,
naye akawa anaukata tawi baada ya tawi, miaka mitatu,
wala hakutaka kununua wa mtu mwingine.
Usiku huo alikuja na ndoo ya buluu, na jiko baridi.
Akakaa. Akalipanga jiko. Akalipangua.

Vuai hakumwita.
Alivuka mtaro na pakacha la vifuu,
akalitua, akarudi kwake
kama mtu aliyekwenda kutupa taka.

Shaame akawasha, kalizungushia jiko bati
mtu asichungulie.
Akageuza nyama bila kusema, na si desturi yake.

Mwalimu Faki akaja na mishikaki yake mitano.
Akatafuna, akafumba macho, akapaza sauti
mtaa mzima umsikie:
"Leo mkarafuu umekolea! Nani atabisha?"

Vuai alisikia. Chaki ilikuwa mkononi mwake.
Alilitazama lile friji kitambo kirefu,
kisha akaandika bei ya mshikaki, basi.

Nami nikamwongezea Mwalimu pilipili.