Kifupa Kina Pande Nne

Theluji iliyeyuka mchana mmoja, ikaganda usiku uleule.
Nyasi zikabaki chini ya kioo,
na kondoo wakasimama juu ya chakula chao
wakifa njaa.

Mia tatu na kumi na wawili.
Niliwahesabu mimi,
maana mume wangu Batsukh alishindwa kuvuka sitini.

Binti yetu Khongorzul alifika kwa lori la makaa kutoka mjini,
koti la kuazima, buti zisizofaa,
na mwaka wa tatu wa fizikia kichwani.
Tukachuna pamoja. Hatukusema mengi.
Ngozi ina bei, mzoga hauna,
na vidole vikiganda, mdomo nao huganda.

Usiku, ndani ya hema la sufi,
jiko likitafuna samadi kavu,
Batsukh akauliza bila kumtazama mtu:
"Huyo aliyeyapanga haya, alikuwa anawaza nini?"

"Hakuna aliyepanga, Baba," akasema Khongorzul.
"Ulimwengu ni mrusho mmoja tu, ukaangukia nyota.
Ungeweza kuangukia giza.
Na mirusho iliyoangukia giza
haina wa kuisimulia."

Nikaopoa vifupa sufuriani,
vile vya kifundo cha mguu wa nyuma,
ambavyo watoto wetu huchezea kabla hawajajua kusema:
upande huu farasi, huu ngamia,
huu uliobonyea mbuzi, huu uliotuna kondoo.
Nikakifuta kimoja kwa upindo wa gauni.

"Tazama mfereji huu," nikamwambia.
"Mfupa wa muundi ulikaa humu kama ulimi kinywani,
ukateleza miaka sita, mawe, mchanga, mito,
wala haukukwaruza.
Fundi hodari kiasi hiki
anasahau vipi kwamba barafu hailiki?"

Binti yangu akakipokea, akakigeuza karibu na taa.
"Mfereji huu umechongwa na vifo, Mama.
Mwenye kifundo kibovu alichelewa,
na mbwamwitu hakuchelewa.
Ikawa hivyo, ikawa hivyo, mara zisizohesabika."

"Kumbe patasi ni mbwamwitu," akasema Batsukh.

"Patasi ni mbwamwitu. Na mkono haupo."

Jiko likapasua kitu ndani yake.
Nikarusha kifupa: kondoo.
Nikarusha: mbuzi. Kondoo. Kondoo. Mbuzi.
"Mbona farasi hataki kuja?"

"Pande zake nyembamba. Si rahisi kuzisimamia."

"Kwa hiyo hata nasibu ina umbo."

"Ina umbo."

"Na umbo hilo," nikasema,
"lilirushwa na nani, likaangukia hivyo?"

Akafungua kinywa. Akakifunga.
Nilimwona akipita vyumba vyote vya shule yake
akijaribu milango.
"Hatujui," akasema mwishowe,
na katika yote aliyokuja nayo kutoka mjini
hilo ndilo alilolitamka kama mtu wa kwetu.

Mimi nami sikuwa na cha kujivunia.
Kama mkono upo,
ndio uliowafunika wale mia tatu.
Sikulisema hilo. Lilikuwa limekaa nasi tayari,
limekunja miguu, linaota moto.

Batsukh akavikusanya vinne, akavitikisa,
akaviachia juu ya zulia:
farasi, ngamia, kondoo, mbuzi.
Kila mmoja peke yake.
Mrusho wa baraka, ule tunaouomba mwaka mpya
na kuukosa mwaka mpya.
Siku nyingine tungepiga makofi,
tungemwaga maziwa kidogo mlangoni.

Tulivitazama kama barua iliyoletwa nyumba isiyo yake.

Khongorzul akaanza kupiga hesabu kwa vidole, kisha akaacha.
Nami nikaanza dua, kisha nikaacha.

Nje, ubavuni mwa hema, chini ya gunia,
kondoo wa mia tatu na kumi na tatu akakohoa.
Batsukh akanyakua koti.
Alipotoka alivikanyaga vifupa,
na hakuna aliyeangalia
vimegeukia upande gani.