Neno la Kijiko ni Spana

Daktari Lekuona alimwekea picha mezani:
ng'ombe, kijiko, tufaha, mwavuli.
Baba akazitazama kama mtu aliyeletewa deni la jirani.
Ng'ombe akamruka. Kwenye kijiko akasita,
akasema, "Spana. Namba kumi na tano."
Daktari akaandika sifuri
kwa kalamu ya kijani.

Hapa Eibar vilima vimesimama karibu mno,
nyumba zimepandiana mabegani,
na manyunyu hayaulizi ni mwezi gani.
Babu yake baba alichonga mitutu ya bunduki.
Wanunuzi walipoadimika, mitutu ikageuka fremu:
bomba ni bomba, walisema,
tofauti ni kinachopita ndani.
Baba alirithi jiliwa, tupa mbili,
na hasira dhidi ya kila nati iliyokazwa ovyo.

Kisha mshipa ukaziba kichwani,
Jumanne, kabla ya kahawa.
Yakaenda majina: la mtaa, la mkate,
la mama, Karmele, aliyemzika miaka sita nyuma,
langu.
Yaliyosalia yalikuwa kwenye kopo la biskuti.
Nikalipeleka hospitali limefungwa kwa tyubu kuukuu.
Akaingiza mkono bila kuangalia:
"Ekseli. Koni. Wosha.
Njiti, ya nyuma, upande wa mnyororo.
Hii valvu. Hii si kitu, katupe."
Daktari aliacha kuandika.

Tangu hapo najifunza lugha, na nina miaka hamsini.
Grisi ni siagi, na pia jibini, na pia kasisi.
Madigadi ni koti la mvua.
Pancha ni maumivu: anaonyesha goti, anasema pancha.
Anaonyesha dirisha, mawingu, anasema pancha,
hapo sijui.
Breki ni inatosha.
Breki, breki, ni toka chumbani.
Usiku anaita, "Dinamo,"
mara moja, kwa sauti ya chini,
mkono ukipapasa upande wa kitanda usio na mtu.
Zile dinamo za zamani zilizoegemea tairi,
taa iliwaka maadamu unakanyaga.
Hilo sikumtafsiria mtu.

Kaka yangu Beñat alikuja kutoka Bilbao na gari lake.
Yeye ni wa klachi, wa radieta, wa gasketi zilizoungua.
Alisimama mlangoni akatangaza:
"Mzee amenoki. Hii ni ya ovahoo."
Baba akamkagua kuanzia viatu.
"Honi," akasema. Akafikiri. "Ya lori."
Nilicheka hadi nikakaa kwenye ngazi.
Beñat naye akacheka, kisha akaenda jikoni,
akafungulia bomba,
akayaacha maji yamwagike muda mrefu.

Mimi sikuwa na neno.
Miezi minne aliniita kwa kidole, kwa mluzi.
Nikamtegea: "Mimi ni beringi?"
Kadogo, ka chuma, ndani kusikoonekana,
nilikuwa nimeshajipendekezea hilo.
Akatikisa kichwa.
"Pedali? Kengele?"
Akanitazama kwa huruma ya fundi
amwonaye mteja ameshika spana kinyume.

Jana nilikuwa namfunga vifungo vya shati, cha tatu kimekatika,
akagusa shavu langu,
palepale nilipoungua utotoni kwa chuma cha kulehemu,
akasema, "Kiraka."
Nikaudhika, nakiri. Miaka hamsini, kiraka.
Nikaenda kifungo cha nne.
Yeye akashusha sauti, ile aliyofundishia wanagenzi:
"Sugua kwanza. Paka gundi. Usibandike."
Akainua kidole. "Ngoja."

Tukangoja, shati wazi, manyunyu kiooni,
kidole chake hewani,
hadi alipoona imekauka,
akabonyeza.